Esansi inatoka katikati ya karbirateri

MUULIZE PAPA FUNDI
Maswali ya wasomaji kuhusu pikipiki, yanajibiwa kutoka Kamalondo, Lubumbashi

Papa Fundi, jambo. Mimi ni msomaji wako wa Katuba. Marehemu papa alituachia Honda CB750, ile ya silinda nne. Wakati wa uporaji wa 1991 aliificha nyuma ya banda la kuku, akaifunika turubai, na tangu hapo haikuwashwa. Mwaka huu mimi na mdogo wangu tumeitoa. Tumesafisha tangi, tumebadilisha betri na buji, tumefungua bakuli za karbirateri zote nne na kusafisha ndani. Imewaka! Mama alilia. Lakini tukifungua robine ya tangi, hazipiti dakika tano esansi (petroli) inaanza kudondoka juu ya moteri. Haitoki kwenye tiyo (mirija) ndogo za chini. Inatoka katikati, pale karbirateri ya kwanza na ya pili zinapoungana, na kidogo kati ya ya tatu na ya nne. Asubuhi kukiwa na baridi inazidi, moteri ikipata joto inapungua. Fundi mmoja wa mtaani ametushauri tupake ile silikoni nyekundu ya moteri, kwa nje. Mwingine anasema tukate pete kwenye mpira wa ndani wa gurudumu. Mama amesema nikuulize wewe kwanza, maana mbabula yake, jiko la makaa, iko hatua sita kutoka pale tunapoiegesha. Tufanye nini?

Mwanangu, msalimie mama, na umwambie kwamba hapo nyumbani fundi mkubwa ni yeye. Nyinyi wawili mmeangalia tone, yeye ameangalia mbabula.

Basi tuanzie alipoanzia yeye. Sisi watu wa hapa pikipiki tunaiita moto, na neno hilo limenichekesha tangu utoto, lakini nimeona moto ikishika moto na hapo hakuna aliyecheka. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu na kupotea kama moshi, unashuka, unatambaa sakafuni, unaweza kupita chini ya mlango na kuifuata mbabula kule iliko. Hatua sita si kitu. Kuanzia leo robine ifungwe, pikipiki itoke nje penye upepo, na waya wa betri wa upande wa kutoa (wenye alama ya −) uondolewe kabla hujagusa kitu chochote. Umeme ukikatika jioni mkiwa katikati ya kazi, msiwashe mshumaa. Funikeni mlipofikia, mkalale.

Sasa tone lenyewe. Unasema halitoki kwenye tiyo za chini, na mimi nataka uhakikishe, kwa sababu esansi ni mwongo. Inatoka hapa, inatambaa juu ya chuma, inadondokea kule, na wewe unalaumu kule. Fanya hivi: kausha karbirateri zote kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Saga chaki ya shule iwe unga, pakaza kwa brashi kavu kwenye maungio yote, kwenye ukingo wa kila bakuli na kwenye ncha za tiyo. Tandika gazeti chini. Halafu fungua robine, ukae kwenye kiti uangalie, usiende kunywa chai. Mahali pa kwanza ambapo chaki inageuka rangi ndipo kwenye ugonjwa. Kama ni tiyo ya chini ya bakuli, ile ya kumwagia kinachozidi, basi sindano ya boya, ile inayozuia esansi bakuli likijaa, haifungi vizuri, au kile kijibomba kilichosimama ndani ya bakuli kimepasuka. Kwenye Honda hizi kijibomba hicho hupasuka wima, ufa mwembamba kama unywele, na mafundi wanabadilisha sindano mara tatu bila kukiangalia. Kama ni ukingo wa bakuli, ni pete kubwa ya bakuli. Lakini kwa jinsi ulivyoeleza, hasa ile habari ya baridi na joto, naamini chaki itakuonyesha palepale ulipoona.

Hapo katikati pana nini? Kwenye CB750 nyingi za zamani robine ina midomo miwili. Tiyo moja inakwenda kati ya karbirateri ya kwanza na ya pili, nyingine kati ya ya tatu na ya nne (tunahesabu kutoka mkono wa kushoto wa aliyekaa juu). Kila tiyo inaingia kwenye kimrija chenye umbo la T, na mikono miwili ya hiyo T imechomekwa kwenye matundu ya karbirateri za pande zote mbili. Haikushikwa na visi (skrubu) wala uzi. Imeshikwa na karbirateri zenyewe, zinavyobanwa pamoja kwenye bamba lao, na kinachozuia esansi ni pete nyembamba ya mpira kwenye kila mkono. Honda hii ilitoka mwaka 1969, yenu sijui ni ya mwaka gani, lakini hata ikiwa ni ya mwishomwisho pete hizo zina umri wa kutosha kuwa na wajukuu. Na tangu 1991 zimekaa kavu. Mpira uliozoea kulowa esansi ukikauka unasinyaa, unakuwa mgumu, unabaki na ubapa kama mtu aliyelalia upande mmoja. Baridi inausinyaza zaidi, joto linautanua kidogo. Ndiyo maana moteri ikichemka tone linapungua. Usifurahie kupungua huko, maana hapo ndipo esansi inapodondokea chuma cha moto.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Esansi inayoshuka kwenye karbirateri haina presha. Hakuna pampu, ni uzito wake tu kutoka kwenye tangi. Utasema, basi kazi ya pete ni nyepesi. Sivyo. Kwenye mashine yenye presha kubwa, presha yenyewe inaisukuma pete kwenye kona na kuibana. Hapa hakuna wa kuisukuma. Pete inaziba kwa kubanwa kwake yenyewe tu, kwa hiyo ni lazima iwe laini na iwe na unene kamili. Pete ngumu inaweza kuziba mafuta ya jeki ya lori, halafu ikashindwa na kikombe cha esansi.

Silikoni nyekundu? Hapana. Nimesema hapana na nitaeleza kwa sababu najua itakuja tena kwenye barua nyingine. Esansi inaivimbisha, inaitoa mahali pake, na vipande vinageuka nyuzi nyuzi. Ukipaka nje haitashika, kwa sababu chuma kimelowa. Ukipaka ndani, nyuzi zile zitashuka hadi kwenye vijitundu vya jeti vinavyopitisha esansi, na utafungua karbirateri nne ukitafuta kitu kilicho chembamba kuliko kope.

Mpira wa ndani wa gurudumu huo naujua vizuri mno. Mwaka 1983 nilikuwa kijana wa gereji, najiona nimemaliza elimu. Mteja alileta Honda yenye ugonjwa huu huu, pete hazikuwepo mjini, mimi nikachukua mkasi na mpira wa baiskeli. Nilizikata nzuri kabisa, hata leo najisifu kwa mkasi ule. Zilifunga siku mbili. Siku ya tatu mteja alienda Kafubu kusalimia, na kurudi alirudi akisukuma, viatu mkononi. Nilipofungua nikakuta pete zimevimba zimekuwa kama ugali uliozidi maji, moja imejisukuma nje ya mfuo wake, nyingine imeziba nusu ya njia. Nilirudisha pesa na nikafanya kazi upya bure. Mpira wa gurudumu umetengenezwa kushika hewa, haukutengenezwa kukaa ndani ya esansi.

Mnataka mpira unaoitwa nitrili. Huo unavumilia esansi na mafuta ya madini. Ulio bora zaidi unaitwa Viton, una bei, lakini kwa pete nne hautawafilisi, na kama esansi yenu imechanganywa pombe ndio unaodumu. Msikubali pete za breki za gari, hata zikiwa na ukubwa uleule. Mpira wa breki ni wa jamii nyingine, unapenda mafuta ya breki na unachukia esansi. Na msidanganywe na rangi. Watasema Viton ni ya kahawia au kijani. Mara nyingi ndiyo, lakini ipo pia nyeusi, na nyeusi nyingine si kitu.

Mtazipata wapi? Vijana wengi wananiambia lazima kuagiza Johannesburg, isubiriwe wiki tatu, ipite mpakani Kasumbalesa. Jamani, tunaishi kwenye mji wa migodi! Kila jeki, kila kreni, kila mashine ya kuchimba inakula pete za mpira. Nendeni kwenye maduka yanayouza vifaa vya hidroliki, siyo ya pikipiki. Pale kuna masanduku yenye pete za kila ukubwa, wanauza moja moja, na nyingi ni nitrili. Mwambieni muuzaji mnataka ugumu wa 70 kwa kipimo cha Shore, siyo 90. Ile ya 90 ni ya presha kubwa, na nimeshaeleza kwa nini haiwafai.

Nendeni na vipimo, msiende na pete kuukuu mkononi, kwa sababu imeshasinyaa na itawapa jibu la uongo. Pima kwa kalipa (kipimio cha milimita) upana wa tundu la karbirateri, halafu pima mrija wa T chini kabisa kwenye mfuo wa pete. Toa, gawanya kwa mbili, hiyo ndiyo nafasi ya pete. Tuseme tundu ni milimita 10 na mfuo ni 6.8. Tofauti ni 3.2, nusu yake 1.6. Pete ya unene wa 2 itabanwa sehemu moja ya tano, na hapo ndipo pazuri. Ya 1.8 itabanwa kidogo mno. Ya 2.5 hutaiingiza bila kuikata. Tundu la ndani la pete liwe dogo kidogo kuliko mfuo ili ikumbatie, kama 6.5 hivi kwa mfano huu. Vipimo hivyo ni vya kuonyesha njia tu, pimeni vyenu. Mkirudi nyumbani, chukueni pete moja ya ziada, itumbukizeni kwenye kichupa cha esansi, mfunike, mlale. Asubuhi pimeni tena. Ikiwa imevimba kidogo sana, sawa. Ikiwa imekuwa kubwa kuonekana kwa macho au inakatika kwa ukucha, rudisheni dukani.

Sasa kazi. Tangi litoke, sanduku la hewa lirudi nyuma, vibanio vilegezwe, nyaya za gesi, zile za kuongeza mwendo, zitolewe, na karbirateri zote nne zitoke kwa pamoja kama familia. Piga picha kwa simu kila hatua, pande zote, na zaidi ya unavyodhani zinatosha. Mkifika kwenye visi vinavyozishika kwenye bamba, simameni kidogo. Visi vya Kijapani vya msalaba si sawa na vya Ulaya. Turnevisi (bisibisi) ya kawaida inapanda na kutoka, inakula kichwa, na mtu anabaki na kisi cha duara. Tafuteni turnevisi ya Kijapani au sageni ncha ya kuukuu mpaka ikae chini kabisa bila kucheza. Wekeni mafuta ya kulegeza kutu jioni, fungueni kesho yake. Kisi kikikataa, gonga kichwa chake kidogo kwa nyundo juu ya turnevisi kabla ya kuzungusha.

Msizitenganishe zote nne kwa mara moja. Tenganisheni ya kwanza na ya pili, malizeni, halafu mhamie upande wa pili. Mkiweka meza nzima ya springi na vijiti vya Honda, kuku wa mama watajua kabla yenu kipi kimepotea.

T ikitoka, itazame. Kama ni ya shaba ya njano na ina kijani kwenye mfuo, hayo ni maji yaliyokaa kwenye esansi miaka yote. Isugue kwa kitambaa na kijiti cha mti laini. Msitumie msasa mkavu wala kisu. Mkwaruzo unaokatiza mfuo ni barabara ya esansi, na pete mpya haitauziba. Hapo msinifuate mimi wa 1983, niliyeivuta T kwa koleo bila kitambaa na kuiachia alama ya meno. Safisheni pia matundu ya karbirateri zenyewe. Kidole chako kidogo kikipita ndani na kusikia kitu kama punje, bado.

Pakeni pete mafuta kidogo ya moteri, au Vaseline kama ni nitrili au Viton, na msukume moja kwa moja huku mkizungusha kidogo. Msikie inavyoingia: inakataa, halafu inakubali kwa pamoja. Ikiingia kirahisi kama haina pete, toeni muangalie. Ikiingia kwa nguvu na baadaye mkaona kijinyama cheusi nje, imekatwa na ukingo wa tundu. Ndiyo maana nimesema mnunue za ziada.

Na msirudishe kwenye pikipiki bado! Hili ndilo mafundi wanaloruka, kisha wanatoa karbirateri mara ya pili. Wekeni karbirateri juu ya matofali mawili nje, zikae sawa kama zinavyokaa kwenye moteri, gazeti chini. Ning'inizeni chupa ndogo ya esansi juu, urefu wa mkono hivi, tiyo ishuke kwenye T. Subirini nusu saa. Gazeti likiwa kavu, mrudishe. Mkishamaliza, kwa kuwa mmezitenganisha, karbirateri nne hazitafunguka tena kwa pamoja. Anzeni kwa kusawazisha mezani: kipande cha waya wa unene mmoja kipite chini ya kila pistoni ya gesi kwa kukwama kuleule. Kusawazisha kwenyewe kunataka geji nne za kupima mvuto wa hewa, na kama hamna, hapo mlete kwa mwenye nazo. Kwa kazi hiyo moja sioni aibu kulipa.

Badilisheni na tiyo zote za esansi kwa wakati huo. Ya plastiki ya maji inayoonekana ndani inapendeza wiki mbili, halafu inakuwa ngumu kama mfupa na inachomoka yenyewe.

Papa Fundi, mimi ni mama wa Kampemba. Mume wangu ana pikipiki ya teksi, silinda moja, si ya zamani. Haidondoshi kitu chini, lakini asubuhi nyumba nzima inanuka esansi, na akipima mafuta ya moteri yameongezeka badala ya kupungua. Yeye anafurahi, anasema moteri haili mafuta. Mimi sifurahi.

Mama, na mimi sifurahi. Mafuta ya moteri hayazaani. Hiyo ni esansi inayopita kwenye sindano ya boya usiku, inajaa karbirateri, inaingia silinda na kushuka chini hadi kwenye mafuta. Mwambie atoe kijiti cha kupimia akinuse. Pikipiki isiwashwe tena hivyo, kwa sababu mafuta yaliyolainishwa na esansi hayalindi kitu, na moteri ya namna hiyo inakufa ghafla. Amwage mafuta yote, aweke mapya, afungue bakuli la karbirateri aangalie ncha ya sindano. Akiona kamchirizi kanakozunguka ncha, kama alama ya pete kidoleni, abadilishe. Mara nyingine sindano ni nzima, ila kuna punje ya kutu au mchanga imekaa chini yake. Hapo nitauliza anakonunua esansi. Yule kadhafi, muuza esansi wa kando ya barabara, na chupa zake si mtu mbaya, lakini chupa zake hazijaoshwa tangu ziwe za bia. Aimimine kwanza kwenye chupa nyeupe, asubiri, atazame chini kama kuna maji. Na aweke kichujio kwenye tiyo.

Kila usiku afunge robine. Ni kazi ya vidole viwili.

Papa Fundi, niko Likasi. Tangi langu lina kitundu kidogo, linatoa jasho la esansi. Watu wanasema nipake sabuni. Ni kweli au ni mzaha? 

Ni kweli, mdogo wangu. Sabuni ya mche ya kufulia haiyeyuki kwenye esansi. Ukiisugua juu ya tundu la tangi mpaka iingie, itakurudisha nyumbani, hata kutoka Lubumbashi. Mvua ikinyesha inakwisha yote. Ukifika, mwaga esansi, na kabla ya mtu yeyote kuleta moto wa kuchomelea, tangi lioshwe mara kadhaa kwa maji ya moto yenye sabuni, na wakati wa kuchomelea lijazwe maji mpaka karibu na tundu, mfuniko ukiwa wazi. Tangi tupu linatisha kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke. Kama fundi wa kuchomelea hakuulizi lilikuwa na nini ndani, lichukue uende kwa mwingine.